Asiyekuwepo na Lake Liwepo

Hii ni hotuba niliyoitoa asubuhi ya siku ya pili ya mkutano wetu wa wataalamu wa utalii. Baadhi yenu mliiomba kwa sababu hamkuweza kufika. Nimeiacha kama nilivyoisema, ila picha za kwenye skrini nimeziondoa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu waandaaji, waongoza watalii, wenye hoteli, mawakala wa safari, madereva, wanafunzi wa utalii mlioketi kule nyuma karibu na mlango, mabibi na mabwana: habari za asubuhi!

Mlangoni mmeambiwa mzime simu. Mimi naomba mzitoe. Kila mmoja afungue picha ya mwisho aliyoiposti tangu afike hapa. Itazame vizuri. Nani yumo ndani yake? Na muhimu zaidi, uliiweka ili aione nani?

Jana usiku sikulala mapema. Niliketi kitandani nikapitia kila kilichowekwa chini ya alama ya reli (#) ya mkutano huu. Niliona vitambulisho vya shingoni, vingi sana. Niliona mifuko yenye nembo za wadhamini. Niliona watu wameshikana mikono huku nyuso zao zimegeukia kamera, hakuna anayemtazama mwenzake. Niliona "tumefika", "tupo", "siku ya kwanza imekwisha". Nikawa natafuta kitu kimoja tu: neno ambalo mtu asiyekuwepo hapa angeweza kuamka nalo leo akalitumia kazini.

Nililipata. Dada mmoja, sitamtaja maana sijamwomba ruhusa, alipiga picha ukurasa wa daftari lake. Mwandiko wa mkono, wino wa bluu, pembeni pamelowa kidogo. Alikuwa ameandika maswali manne aliyoulizwa na mnunuzi mmoja kwenye banda lake. Kundi dogo kabisa mnalopokea ni la watu wangapi? Mgeni akiahirisha zikiwa zimebaki siku tatu, mnamrudishia kiasi gani? Dereva wenu anazungumza lugha zipi? Bafu lina kizingiti? Basi. Hakuweka maneno mengine ila haya: "Kwa wenzangu ambao hamkuja, jiandaeni na haya."

Picha ile ilikuwa na laiki sita. Selfi ya jukwaani iliyofuata chini yake ilikuwa na zaidi ya mia tatu.

Ndugu zangu, wazee walisema asiyekuwepo na lake halipo. Ni methali ya kweli, na ina uchungu wake. Shamba linagawanywa, aliye safarini hakumbukwi. Kikao kinaamua, aliyelala mgonjwa anakuja kuarifiwa tu. Lakini sisi tumeshika simu inayoweza kufikisha neno upande wa pili wa dunia kabla mtoa mada hajamaliza kunywa maji yake. Kwa nini basi methali hii iendelee kuwa kweli kwetu? Kwa nini asiyekuwepo, na lake lisiwepo?

Nimekuja na ombi moja. Kila unapotaka kuposti ukiwa mkutanoni, jiulize kwanza: nani hayupo?

Hebu turudi nyuma kidogo. Machi 2007, mjini Austin, Marekani, kwenye mkutano na tamasha la South by Southwest. Twitter, ambayo siku hizi inaitwa X, ilikuwa haijatimiza mwaka tangu ifunguliwe kwa watu wote, na wengi hawakuijua. Wenye mtandao ule waliweka skrini kubwa mbili kwenye korido, pale watu wanapopita wakitoka kikao hiki kwenda kile, na ujumbe wa washiriki ukawa unapita juu yake. Mtu anatoka chumba kimoja hajui aelekee wapi. Anainua macho, anasoma kwamba chumba fulani mjadala umepamba moto, anakwenda. Katika siku zile chache, ujumbe uliokuwa ukitumwa kila siku ulipanda kutoka kama 20,000 hadi kama 60,000. Aliyekuwa hayumo chumbani alipata la chumbani. Ndivyo mtandao ule ulivyoanza kupendwa, koridoni mwa mkutano.

Agosti mwaka huohuo, Chris Messina, Mmarekani wa mambo ya teknolojia, aliuliza swali fupi humo humo: mnaonaje tukitumia alama ya # kukusanya maneno ya kundi moja? Mfano alioutoa ulikuwa "barcamp", jina la mikutano ambayo washiriki wenyewe hupanga ratiba wakishafika. Mnaona? Alama hii ambayo leo imejaa kwenye mabango ya viwanja vya ndege na kwenye fulana za wafanyakazi wa hoteli, mfano wake wa kwanza ulikuwa mkutano wa watu kama sisi. Oktoba, moto wa nyika ulipoikumba San Diego, California, watu wakaishika alama ile: moto umefika mtaa upi, barabara gani imefungwa, watu wanahamishiwa wapi. Nani alikuwa akisoma kwa hamu kuliko wote? Aliyesimama mbele ya moto hakuwa na haja ya simu, alikuwa akiuona. Aliyesoma ni yule aliye mbali, anayetaka kujua kama nyumba ya mama yake bado imesimama.

Nayasema haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuwa yule asiyekuwepo, na kwa miaka mingi.

Nilianza kazi hii ofisi ya nyuma, kwenye kampuni ndogo ya kupanga safari. Kazi yangu ilikuwa kujibu barua pepe na kupanga magari. Mikutano alikwenda bosi. Akirudi alikuwa na mfuko umejaa vipeperushi na kalamu, tunagawana kalamu. Tukimuuliza mkutano ulikuwaje, anasema ulikuwa mzuri. Watu walikuwa wengi. Hayo ndiyo yaliyotufikia.

Mwaka mmoja, mshiriki nisiyemjua kabisa aliandika kikao kizima, sentensi baada ya sentensi, kuhusu wasafiri wenye ulemavu. Nilikuwa zamu ya jioni. Nilisoma huku simu ya mezani inalia. Aliandika maneno ya mtoa mada, mwanamke anayetumia kiti cha magurudumu: "Msituambie chumba kinafaa kwa walemavu. Neno hilo kila mtu analielewa anavyotaka. Tuambieni mlango una sentimita ngapi."

Sentimita ngapi! Sikuwahi kuliwaza. Orodha yetu ya hoteli ilikuwa na alama ya kiti cha magurudumu kwenye majina kumi na moja, na alama ile tuliinakili tu kutoka kwenye vipeperushi vya hoteli zenyewe. Jumamosi ile nilichukua futi ya fundi, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, nikaanza kuzunguka. Nilipima milango ya vyumba. Nilipima milango ya bafu, na hapo ndipo nilipoona maajabu: mlango wa chumba una sentimita 85, mgeni ataingia bila shida, lakini mlango wa bafu una 62. Kiti cha kawaida cha magurudumu kinataka kama 80 ndipo kipite bila kukwaruza vidole vya mwenyewe. Kwa hiyo tulikuwa tukimkaribisha mtu kwenye chumba ambacho anaweza kulala lakini hawezi kuoga. Na tulikuwa tumeweka alama ya kumhakikishia kuwa yote ni sawa.

Hoteli kumi na moja zikabaki nne. Tukafuta alama zote, tukaandika sentimita. Mlango, bafu, urefu wa kitanda kutoka sakafuni, idadi ya ngazi. Baada ya miezi kadhaa alikuja mteja mmoja na mume wake, naye akaniambia alikuwa ameandikia kampuni nyingi na sisi pekee ndio tuliojibu kwa namba. Mpaka leo futi ile ninayo, iko kwenye droo ya meza yangu.

Sasa niulize: aliyeandika kikao kile alipata nini? Sidhani kama alipata laiki nyingi. Sijui hata kama alijua nimesoma. Lakini kikao cha saa moja katika ukumbi ambao sikuwahi kuingia kilibadilisha kazi ya ofisi yangu, kwa sababu mtu mmoja alikaa akajiuliza nani hayupo.

Kuandika namna hiyo si jambo gumu, ila kunataka mtu aache mengine. Huwezi kuandika kila kikao. Chagua kimoja kwa siku. Keti mbele ili usikie. Andika kwenye daftari kwanza, simu ibaki mfukoni. Andika kilichosemwa kinachoweza kufanywa: namba, hatua, swali, kosa ambalo mtoa mada alilikiri. Maneno ya "utalii ni sekta muhimu" yaache, aliye mbali anayajua. Ukipiga picha ya skrini ya mtoa mada, mwombe kwanza, kisha andika kwa maneno kilichomo, maana kuna mwenzetu asiyeona ambaye simu yake humsomea maandishi, na picha tupu kwake ni ukimya. Video ukiiweka, weka na maandishi chini, kwa asiyesikia na kwa aliye ndani ya basi. Na kama mada imetolewa kwa lugha ambayo wenzako wa nyumbani hawaielewi, ukiifasiri umewafanyia kazi kubwa kuliko picha mia.

Hilo ni la kwanza. La pili ni zito kwangu, na nimefikiria sana kama niliseme hapa.

Unapomwandikia asiyekuwepo, yeye hana njia ya kuhakikisha. Aliyeketi ukumbini amesikia sauti, ameona uso, amejua mzaha ni mzaha. Aliye mbali ana maneno yako tu. Amekukabidhi masikio yake. Ukiyakata maneno, umemkata na yeye.

Nilifanya kosa hilo. Nilikuwa nimeanza kwenda mikutanoni, nimepata wafuasi, na nilipenda kuwa wa kwanza. Jukwaani alikuwa mama mwenye hoteli ndogo ya familia. Akaeleza kwamba msimu ule hawapokei wageni wenye watoto wadogo kwa sababu uzio wa bwawa lao la kuogelea ulikuwa umebomolewa unajengwa upya, na asingeweza kulala usingizi akijua mtoto anaweza kutumbukia. Nilikuwa nikiandika huku nasikiliza. Vidole vyangu vilifika kwenye "hawapokei wageni wenye watoto wadogo", nikatuma. Sababu ilikuja baada ya pumzi moja, lakini mimi nilikuwa nimeshahamia sentensi nyingine.

Hadi mapumziko ya chai, watu ambao hawakuwa ukumbini walikuwa wameshaisambaza. Wazazi wameudhika. Mtu ameandika kwamba hoteli za namna hiyo zisusiwe. Yule mama alinifuata pale penye vikombe, simu yake mkononi. Hakunifokea. Alinionyesha skrini akaniuliza, "Mwanangu, hivi ndivyo nilivyosema?"

Nilifuta. Nikaomba radhi hadharani, nikaandika maneno yake yote kama alivyoyasema. Lakini picha za ule ujumbe wa kwanza zilikuwa zimeshapigwa na zinazunguka zenyewe, na marekebisho yangu yalisomwa na wachache. Maji yakimwagika hayazoleki. Mama yule alikuja jukwaani kutufundisha uangalifu, akaondoka na jina la mtu asiyependa watoto, na aliyempa jina hilo ni mimi.

Tangu siku hiyo siandiki mtu akiwa bado anazungumza. Nasubiri amalize. Nikinukuu, nanukuu sentensi nzima na jina lake, na kama naweza kumfikia kabla hajaondoka, namwonyesha. Dakika kumi za kungoja hazijawahi kunipotezea kitu. Na yanayosemwa mezani wakati wa chakula, au kwenye basi la washiriki, hayo hayatoki kabisa. Mtu akikuambia kwamba msimu huu vyumba vyake viko nusu tupu, amekuambia wewe. Mikutano yetu ina thamani kwa sababu watu huthubutu kusema shida zao wakiwa wameketi pamoja. Tukianza kuogopana, tutabaki na hotuba za ufunguzi peke yake.

Kuhusu kabla na baada ya mkutano nitapita haraka, kwa kuwa wengi wenu mnayajua kuliko mimi. Ila kuna tukio moja nataka tulikumbuke.

Maonyesho ya utalii ya ITB ya Berlin yalianza mwaka 1966 yakiwa na waonyeshaji tisa kutoka nchi tano. Tisa! Yalikua mpaka mwaka 2019 yalipokuwa na waonyeshaji kama 10,000. Kisha Februari 28, 2020, zikiwa zimebaki siku chache kufunguliwa, yakafutwa kwa sababu ya korona. Watu walikuwa wameshalipia mabanda, wameshachapisha vipeperushi, wengine masanduku yao yalikuwa njiani. Siku ile wote tukawa wasiokuwepo. Wakubwa kwa wadogo.

Miezi iliyofuata ilinifundisha tofauti ya mfuasi na mtu. Nilikuwa na maelfu ya wafuasi. Nilipoandika kuomba msaada, kwamba nina wageni waliokwama na tiketi hazieleweki, waliojibu walikuwa watu wasiozidi ishirini. Nikatazama majina yao. Karibu wote walikuwa watu niliowahi kuwaandikia kabla ya mkutano fulani kuwauliza jambo mahususi la kazi yao, tukakutana ana kwa ana, kisha nikawatumia nilichowaahidi ndani ya siku tatu. Hao ndio walionishika mkono. Kwa hiyo ndugu yangu, ukienda mkutano ujao, chagua watu kumi na uwaandikie wiki mbili kabla. Usiandike "natumaini tutakutana". Uliza kitu. Na ukirudi nyumbani, kabla hujaposti picha za safari, tuma zile nyaraka ulizoahidi.

Sasa naomba mnisikilize kwa hili la mwisho, maana ndilo lililonileta hapa.

Katika kila mkutano wa utalii kuna mtu mmoja ambaye hayupo na hakuna anayegundua. Tunazungumza habari zake siku nzima. Picha ya mlango wa nyumba yake iko kwenye skrini. Njia anayopita kwenda shambani iko kwenye ramani tunayogawa. Tunabishana ni wageni wangapi waletwe kwake, kwa msimu upi. Nani huyo? Ni mkazi wa mahali tunapopauza. Mwenyeji.

Mnalijua jabali la Trolltunga kule Norwe, lile linalochomoza juu ya ziwa kama ulimi. Mwaka 2010 waliopanda kufika pale walikuwa kama 800. Mwaka 2016 walikuwa kama 80,000. Picha inayosambaa inaonyesha mtu mmoja amesimama peke yake na dunia yote iko chini yake. Haionyeshi foleni ya watu nyuma ya aliyepiga picha, wanaosubiri zamu. Haionyeshi watu wa kujitolea wanaopanda usiku kumtafuta mgeni aliyekwenda mwendo wa zaidi ya saa kumi na viatu vya mjini.

Mnakijua kijiji cha Hallstatt, Austria. Wakazi wake hawafiki 800, na siku za msimu wageni hufika hata 10,000 kwa siku. Mei 2023 uliwekwa uzio wa mbao mahali ambapo watu husimama kujipiga selfi, ili mandhari isionekane. Ulilalamikiwa mitandaoni, ukaondolewa haraka. Mwaka mmoja baadaye, mji wa Fujikawaguchiko, Japani, ulitundika pazia jeusi la urefu wa mita 20 kuziba mahali ambapo mlima Fuji huonekana nyuma ya duka. Watu walikuwa wakikatiza barabara bila kutazama magari, wakiegesha ovyo, wakipanda hata paa la kliniki ya meno ili wapate picha. Pazia lilipowekwa, hazikupita siku nyingi likakutwa limetobolewa matundu madogo, usawa wa kamera ya simu.

Fikirini hilo kidogo. Mji ambao umekuwa ukiwakaribisha wageni miaka nenda miaka rudi, unafika mahali unauziba mlima wake wenyewe. Mwenyeji amefunga dirisha lake ili mgeni asione. Sisi husema mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, huyu mwenyeji amepona?

Msidhani haya hufanywa na watalii tu. Nilikuwa kwenye mkutano mmoja ambapo mtoa mada aliweka kwenye skrini picha ya kidimbwi cha chemchemi, maji ya kijani yanayong'aa, mawe meupe chini. Akasema ni eneo jipya, bado halijajulikana. Ukumbi mzima ukainua simu, na mimi nikiwamo. Niliposti picha pamoja na mahali pake hasa kwenye ramani, nikaandika "nendeni kabla wengine hawajapajua". Ilipendwa sana. Jioni, chini yake, mzee mmoja alikuwa ameandika maneno machache. Nayakumbuka yote: "Karibuni sana kijijini. Ila hapo ndipo tunapochota maji ya kunywa."

Hakutukana. Alianza na karibuni.

Niliiondoa ramani usiku uleule. Nikamwandikia, tukazungumza kwa muda mrefu. Akaniambia hawana shida na wageni, vijana wao wanatafuta kazi, na juu kidogo ya pale kuna maporomoko ambayo wao wenyewe huogelea, na wangependa mtu awaulize. Hakuna aliyewauliza. Mtoa mada hakuwauliza, waandaaji hawakuwauliza, na mimi niliyepeleka mahali pao kwa maelfu ya watu sikuwauliza. Tulikuwa ukumbini, yeye hayupo, na lake halikuwepo.

Kuna walioshaanza kutenda tofauti. Mwaka 2018 bodi ya utalii ya Jackson Hole, Marekani, iliwaomba wageni waache kuweka mahali hasa palipopigwa picha, ili vijia na maziwa madogo yasikanyagwe mpaka yaharibike. Bodi ya utalii yenyewe! Wale ambao kazi yao ni kuita watu. Na Sweden, kuanzia mwaka 2011 hadi 2018, iliikabidhi akaunti yake ya Twitter kwa mwananchi mmoja kila wiki, azungumze na dunia anavyotaka. Yalitokea pia ya kuudhi, lazima niseme, na wiki nyingine zilikuwa ngumu kuliko nyingine. Lakini walikubali kwamba anayeishi mahali ndiye mwenye sauti ya mahali pale. Mimi naona walikuwa sahihi, pamoja na matatizo yake.

Tunaweza kufanya kitu kama hicho leo. Tuko ukumbini, mtandao upo, skrini ipo. Saa nane mchana kuna kikao kuhusu njia mpya za matembezi ya miguu. Nimeitazama orodha ya wazungumzaji: wako sita, wote wanauza njia hizo, na hakuna hata mmoja anayeishi kando yake. Nimeongea na mwenyekiti wa kikao asubuhi hii, naye amekubali kupokea maswali kutoka kwa wakazi kwa simu na kuyasoma jukwaani kabla ya maswali yetu. Kwa hiyo kila mwenye mawasiliano na mtu anayeishi kwenye njia hizo, iwe mwenye nyumba ya wageni, mwalimu, mchungaji wa mifugo, naomba amwandikie sasa. Amweleze kinachojadiliwa na amuulize angependa ajibiwe nini. Nawaachia dakika tano kabla sijashuka.

Nahitaji pia watu wawili wa kukiandika kikao hicho kwa ajili ya waliobaki nyumbani. Wakae mbele, waandike kwenye daftari, waposti kikiisha. Nani yuko tayari?

Naona mkono wa kijana pale nyuma. Asante, njoo baadaye nikupe jina la mwenyekiti. Na yule dada wa daftari lenye wino wa bluu, naona umenyoosha mkono na wewe. Asante sana. Basi ni ninyi wawili. Wengine, simu mnazo mkononi, andikeni.